Faiba imefika mtaani: je, nihame?

Mwaka huu faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, imepita mtaani kwetu Isyesye, hapa Mbeya. Nguzo zilisimamishwa wakati wa kiangazi, waya ukavutwa, halafu vijana wenye vizibao vya kampuni wakaanza kugonga mageti na kugawa vipeperushi. Kipeperushi kinasema hivi: spidi ya 20 Mbps, shilingi 60,000 kwa mwezi, kuunganishiwa bure. Mimi kwa sasa nalipa 110,000 kwa kampuni nyingine inayoniletea 30 Mbps kupitia antena iliyofungwa juu ya bati. Tofauti ni 50,000 kila mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye watoto shuleni na ekari moja ya viazi huko Uporoto, hiyo si hela ya kuipuuza. Ni ada, ni mbolea, ni nauli za muhula mzima.

Hata hivyo sikusaini siku hiyo. Nimelichunguza jambo hili kwa muda, na naliandika kwa urefu kwa sababu naona majirani wengi wanahama kwa kusikia, na wengine wanabaki kwa kusikia vilevile. Mtu anauliza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Jamani, mtandao gani uko vizuri Mbeya?" Anapata majibu kumi yanayopingana, na yote yanaweza kuwa kweli. Anayesifia yuko Forest Mpya, anayelalamika yuko Nzovwe, na mwingine amepanga ghorofa ya tatu Soweto huku mnara anauona dirishani. Kwa maoni yangu swali hilo kwa ukubwa wa mji mzima halijibiki. Linalojibika ni hili: kwenye nguzo yako, kwa kazi unayoifanya, katika tarehe zinazokuhusu, nani atakuwa hewani?

Kazi yangu ni uhasibu wa kujitegemea. Wateja wangu ni wafanyabiashara wadogo na wa kati: maduka ya vipuri Mafiati, mashine za kukoboa mpunga Igurusi, watu wanaokusanya kahawa Mbozi. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba mwezi wetu una milima miwili. Tarehe 7 ndiyo mwisho wa PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) za mwezi uliopita, na tarehe 20 ndiyo mwisho wa ritani, yaani taarifa, za VAT. Siku nyingine naweza kukaa saa tatu bila mtandao nikapanga risiti, nikapiga simu, nikaenda hata sokoni Mwanjelwa. Lakini jioni ya tarehe 19 nikiwa na ritani za watu mezani, na mfumo wenyewe umeelemewa kwa sababu nchi nzima imeingia kwa pamoja, kukatika kwa mtandao ni adhabu ya kodi kwa mtu ambaye hakukosea kitu. Amenilipa ili alale usingizi. Ndiyo maana bei ya mwezi peke yake hainiambii chochote.

Kampuni zinapenda kusema huduma yao inapatikana kwa asilimia 99. Piga hesabu: mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia moja ya hapo ni saa 7 na dakika 12. Zikiangukia usiku wa manane wiki ya mwisho wa mwezi, hata sitajua. Zikiangukia mchana wa tarehe 20, zimenimaliza. Asilimia ni ile ile.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kutembelea majirani walio kwenye nguzo ile ile ambayo mimi ningeunganishwa. Hapa naomba nieleze kidogo faiba inavyofika nyumbani, maana ukielewa njia yake utajua cha kuuliza.

Faiba ya majumbani, kwa mfumo ulioenea zaidi, huanzia kwenye kituo cha kampuni kama uzi mmoja wa kioo wenye uwezo wa takribani Gbps 2.5 kwenda kwa wateja na nusu ya hapo kurudi. Uzi huo unafika kwenye kisanduku kilichofungwa kwenye nguzo, na humo mwanga unagawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kutoka kisandukuni kila nyumba inavutiwa waya wake mwembamba mweusi. Tatizo likiwa kwenye waya wako mwembamba, unakatika peke yako. Likiwa kisandukuni, mnakatika mtaa. Likiwa huko nyuma, inakatika kata nzima. Jambo zuri ni kwamba kisanduku cha kwenye nguzo hakitumii umeme. Kutoka kituoni mpaka sebuleni kwako hakuna betri wala jenereta katikati, ni mwanga tu unapita kwenye kioo. Hilo likae akilini, nitalirudia nikifika kwenye suala la TANESCO.

Jirani wa kwanza ni mwalimu mstaafu. Nilimkuta akinyweshea mboga. Nikamsalimu, akanikaribisha ndani, akanionyesha kile kifaa cha faiba ukutani na taa zake. Taa inayoitwa PON inatakiwa iwake kijani bila kupepesa. Taa inayoitwa LOS inatakiwa izimike kabisa, na ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, hivyo hata ukizima na kuwasha rauta mara mia hutapata kitu, tatizo liko nje ya nyumba yako. Mzee aliniambia LOS imewahi kuwaka nyekundu lori la matofali lilipopita na kuuvuta waya uliolegea. "Walikuja?" nikamuuliza. "Walikuja, mwanangu. Niliripoti asubuhi, saa kumi wakawa wameshaunganisha. Ila wakati mwingine ilikuwa Jumamosi, nikakaa mpaka Jumatatu."

Kauli hiyo ya Jumamosi ilinigusa kuliko kipeperushi kizima.

Bahati nzuri, nikiwa bado pale mtaani fundi wa kampuni alikuja kumfungia mteja mpya nyumba ya pili. Kijana mpole, mkanda wa vifaa kiunoni, ngazi begani. Alikata waya, akasafisha ncha ya kioo kwa kitambaa na spiriti, akachomeka kipimo kidogo cha mkononi kinachopima nguvu ya mwanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hapo inasoma ngapi?"

Akanigeuzia kipimo nione. "Hasi kumi na tisa, mama. Hii ni safi. Ikisogea hasi ishirini na saba huko, hapo itaanza kusumbua, inapanda inashuka."

"Na kwangu, ile nyumba ya nyuma yenye geti la bluu?"

Akapima kwa macho kutoka kwenye nguzo. "Waya utakuwa mrefu kidogo, lakini urefu huo si kitu kwa faiba. Kinachoumiza ni kona. Ukiukunja waya kwenye kona ya dirisha, mwanga unavujia pale."

"Ukikatika wikiendi?"

Alitulia kwanza. "Tuko wachache, mama. Siku za kazi tunajitahidi siku ile ile. Jumamosi jioni, hesabu Jumatatu."

Nilimheshimu sana kijana yule kwa kutonipamba. Mtu wa mauzo asingenijibu hivyo. Nawashauri wote: kabla ya kusaini, mtafuteni fundi, si muuzaji. Muulize kipimo cha mwanga kwa namba, muulize waya utapita wapi, muulize wikiendi nani yupo zamu. Namba ile ya mwanga iandike mahali, kwa sababu siku spidi ikianza kuyumba utamwambia fundi ilianza na ngapi.

Sasa nije kwa kampuni niliyo nayo. Sina ugomvi nao. Wamenihudumia vizuri na wanapokea simu. Shida yangu na antena ni ya kimaumbile. Antena ya namna hii inataka kuuona mnara wake bila kizuizi, na kati yangu na mnara kuna mikaratusi ya jirani. Mikaratusi ya Mbeya mnaijua inavyokimbia. Wakati nafungiwa ilikuwa chini ya usawa wa bati, leo imelipita paa. Majani na matawi mabichi yamejaa maji, na maji hayo yanayameza mawimbi ya redio. Upepo wa Agosti ukivuma, matawi yakicheza, unaona kabisa mtandao unacheza nayo: mazungumzo ya video yanaganda, yanarudi, yanaganda. Mafundi wamenyanyua bomba la antena, likasaidia kwa msimu. Siwezi kumwambia jirani akate miti yake, ni mbao zake na ni akiba yake. Na miti hairudi chini.

Wanaotumia rauta ya laini, ya 4G au 5G, wana habari nyingine. Mnara mnagawana na kila simu iliyoko eneo lile. Rafiki yangu anayeishi Iyunga, jirani na chuo cha MUST, ana mtandao wa kasi asubuhi na mchana, ila ikifika saa mbili usiku wanafunzi wote wakiwa mitandaoni unashuka mpaka ukurasa haufunguki. Wanafunzi wakifunga chuo, unarudi kama kawaida. Si kosa la mtu. Lakini kama kazi yako ni ya usiku na unaishi karibu na chuo, pima kwanza usiku, tena chuo kikiwa wazi.

Nikaja kwenye kupima kwangu mwenyewe. Watu wengi wanapima vibaya, na kwa hilo wanazihukumu kampuni bila haki. Wanashika simu chumbani, mlango umefungwa, wanabonyeza kipimo, kinasoma 6, wanasema wameibiwa. Ukitaka kujua kampuni inakuletea nini, chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya, zima vifaa vingine vyote, kisha pima. Pima asubuhi, pima saa mbili usiku. Na ujue kwamba Mbps ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo 20 Mbps ikifanya kazi kikamilifu inakushushia MB 2.5 kwa sekunde. Faili la MB 100 litachukua sekunde 40 hivi, na hapo hujaibiwa kitu.

Nyumbani kwangu kipimo cha waya kilisoma 27 siku tulivu na 11 siku ya upepo. Kisha nikabeba kompyuta mpaka chumba cha mama mkwe, nikapima bila waya: 2. Mama anatokea Tukuyu na tunaishi naye. Kila jioni anaongea kwa video na binti yake aliyeko Songea, na ndiye alikuwa wa kwanza kuniunga mkono nihame. "Mimi bei sijui," alisema, "nataka sura ya mwanangu isigande." Chumba chake kiko nyuma ya kuta mbili za matofali ya kuchoma, na rauta ilikuwa sebuleni, kwenye kona, nyuma ya televisheni. Waifai ina masafa mawili ya kawaida: 5 GHz ina kasi lakini inachoka haraka kwenye ukuta, 2.4 GHz ni ya taratibu lakini inapenya. Niliitoa rauta nyuma ya televisheni, nikaiweka juu ya kabati la korido, katikati ya nyumba, na simu ya mama nikaiunganisha kwenye 2.4. Kipimo chumbani kwake kikapanda hadi 14. Jioni ile aliongea na binti yake mpaka betri ikaisha, akaja kuniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na sikuwa nimetumia hata shilingi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu naamini kabisa kuna familia nyingi hapa Mbeya zinazohama kampuni kukimbia ukuta. Watahama, watalipa, na ukuta utawafuata.

Kisha nikajiuliza tunahitaji spidi kiasi gani hasa. Netflix wenyewe wanapendekeza 5 Mbps kwa picha ya HD kamili. Mazungumzo ya Zoom ya watu wawili kwa picha safi yanataka kama 1.2 Mbps kwenda na kurudi. Simu ya WhatsApp ya video ya mama ni chini ya hapo. Watoto wakiwa na YouTube kwenye simu mbili, weka 5 kwa jumla. Nyumba nzima ikiwa macho na kila mtu na lake, hatufiki 15. Mimi nimekuwa nikilipia 30. Ni sawa na kukodi Fuso kubeba debe moja la viazi kutoka Uyole. Kinachonibana mimi zaidi ni upande wa kupakia: natuma risiti zilizoskaniwa, nakala za vitabu, mafaili ya miezi. Kwenye kifurushi changu cha antena spidi ya kupakia ni ndogo kuliko ya kushusha, wakati faiba ile, kwa kipimo nilichokiona kwa mwalimu, inakaribia kulingana pande zote. Kipeperushi hakikuliandika hilo, na kwa kazi yangu ndilo lenye thamani kuliko yote.

Nikawapigia kampuni yangu. Hili nalo nalihimiza: kabla hujaondoka, waambie unaondoka.

"Karibu, dada, nikusaidie nini?"

Nikamweleza dada wa huduma kwa wateja kwamba faiba imefika mtaani, kwamba nimekuwa mteja kwa miaka, na kwamba natumia nusu ya ninacholipia. Akaniweka kwenye muziki kidogo, akarudi na habari njema: kuna kifurushi cha 20 Mbps kwa 75,000, naweza kushushwa mwezi ujao bila gharama.

"Hiyo bei imejumuisha VAT?"

"Bado, dada. VAT ni juu yake."

VAT ni asilimia 18, hivyo 75,000 inakuwa 88,500. Nikaenda kuhakikisha na ile bei ya kipeperushi: 60,000 ni pamoja na VAT. Tofauti ya kweli sasa ni 28,500 kwa mwezi, yaani 342,000 kwa mwaka, si zile 600,000 nilizoziona mwanzoni. Halafu kuna gharama za kuhama ambazo hazikuandikwa. "Kuunganishiwa bure" ni mpaka urefu fulani wa waya, na nyumba yangu ni ya nyuma, kwa hiyo naongeza 30,000. Nahitaji UPS ndogo, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, ya kifaa cha faiba, 85,000. Nahitaji mwezi mmoja wa kulipa kote kuwili ili nijiridhishe, hapo 60,000 nyingine. Jumla 175,000. Toa kwenye 342,000: akiba ya mwaka wa kwanza inabaki 167,000. Mwaka wa pili ndipo nitaanza kuifaidi yote.

Kuna watakaosoma hapo na kusema 167,000 haitoshi kumsumbua mtu. Wengine walinitajia msemo wa "rahisi ghali". Sikubaliani nao kabisa. Msemo huo unafaa kwa viatu na kwa fundi rangi, lakini bei ya intaneti inatokana na njia inayotumika kukufikia kuliko ubora wa kampuni. Faiba ikishavutwa mtaani, kumwongeza mteja mmoja ni waya mwembamba na kisanduku kidogo. Bei kushuka hapo ni jambo la haki, na tusiione kama mtego.

Kuhusu umeme. Kifaa cha faiba na rauta yake vinatumia volti 12 na jumla ya wati 10 hadi 15. Huhitaji jenereta wala ile UPS nzito ya kompyuta. Kuna UPS ndogo za volti 12 zenye betri ya lithiamu, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme na kompyuta. Betri ya mAh 10,000, ambayo ni kama Wh 37, inaweza kukivusha kifaa cha wati 12 kwa saa mbili na nusu. Na hapa ndipo lile la kisanduku kisichotumia umeme linapokuja: TANESCO ikikata Isyesye nzima, faiba yangu itaendelea ilimradi kituo cha kampuni kina umeme wake. Antena yangu inategemea mnara, na mnara unategemea betri zake. Umeme ukikatika muda mrefu msimu wa radi, betri za mnara nazo zinaweza kuisha.

Niseme pia lisilobadilika kwa kuhama. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na nchi nzima ikayumba. Aliyekuwa na faiba, aliyekuwa na antena, aliyekuwa na laini, wote tulikaa tukiangalia duara likizunguka. Intaneti yetu nyingi inashuka mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, ndipo inavuka bahari. Mwanga kwenye faiba unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya Mbeya, Dar na kurudi ni kama milisekunde 8 tu za mwendo, pengine mara mbili au tatu ya hapo ukiongeza vituo vya njiani. Umbali si tatizo. Tatizo ni idadi ya njia za kutokea. Kwa hiyo usihame kwa hasira ya siku ambayo kila mtu alikatika.

Kwa wenye kuuliza kuhusu setilaiti: kifaa cha kampuni isiyo na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, siingii nacho nyumbani, hata kama ng'ambo ya mpaka wa Tunduma kinatumika. Nafanya kazi na nyaraka za kodi za watu, siwezi kuzipitisha kwenye kitu kisichosajiliwa.

Wapangaji nao, ombeni ruhusa ya maandishi ya kutoboa ukuta, na ulizeni kama mkihama nyumba huduma inahamishika. Ile faida tuliyopata kwenye simu tangu Machi 2017, ya kuhama mtandao na namba yako, haihusu intaneti ya nyumbani; hapa ukiondoka unaanza upya. Kwenye mkataba someni mahali panapozungumzia muda wa chini wa kukaa, na pale neno "bila kikomo" linapofuatwa na masharti: wengi wanakupunguzia spidi ukivuka GB fulani. Ukurasa wa rauta utakuonyesha umetumia GB ngapi mwezi mzima, linganisha. Na kama kampuni ikikataa kukusikiliza, malalamiko yanaanzia kwao kwa maandishi, kisha TCRA, ambao wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Watu hawaitumii, na ni haki yetu.

Basi nimeamua. Nahamia faiba.

Si kwa ajili ya 167,000 peke yake, ingawa nazitaka. Nahama kwa sababu mikaratusi itaendelea kukua, kwa sababu ya spidi ya kupakia, kwa sababu hakuna betri katikati ya njia, na kwa sababu watu wa nguzo yangu wamenijibu kwa ukweli, mazuri na mabaya. Lile la Jumamosi mpaka Jumatatu nalichukulia kama lilivyo: miezi mingine tarehe 20 itakuja mara tu baada ya wikiendi, na faiba inaweza kukatika Jumamosi ya kabla yake. Kwa hiyo sehemu ya akiba itabaki kwenye laini ya 4G ya kampuni ya tatu, ndani ya rauta ndogo ya mfukoni, yenye bando la kutosha ritani na mazungumzo machache ya simu. Nitainunulia bando tarehe 5 na tarehe 18, basi. Haitatumika kuangalia mpira, na hilo nyumbani wameshalisikia.

Utaratibu wenyewe nimeupanga hivi. Fundi anakuja tarehe 22, siku ambayo hata kikiharibika kitu hakuna mteja wangu atakayeumia. Waya utapita chini ya kenchi za paa na kuingilia korido, bila kona kali, mpaka juu ya kabati pale ambapo rauta ya sasa imemfaa mama. Mwezi unaofuata nitakuwa na faiba na antena kwa pamoja, niipitishe faiba kwenye tarehe 7 na tarehe 20 nikiiangalia. Ikifaulu, tarehe 21 natuma notisi ya kusitisha kwa barua pepe, nikiomba wanijibu kwa maandishi kwamba sidaiwi. Antena, adapta na rauta yao nitavipeleka ofisini kwao mwenyewe na kuomba risiti ya kuvipokea yenye namba za vifaa, kwa sababu nimewahi kuona mteja wangu akidaiwa bei ya rauta aliyokwisha kuirudisha. Bomba la chuma ni langu, litabaki. Matundu ya skrubu kwenye bati nimeshaongea na fundi, atayaziba kwa silikoni kabla ya mvua za Novemba.